Taa ya Wageni

12 Februari

Mwanangu Kijiti,

Marahaba kwa shikamoo zako zote, na zile ulizosahau kuandika pia nimezipokea. Sisi huku wazima, isipokuwa magoti yangu ambayo siku hizi yananipita umri. Baba yako amepunguza sukari kwenye chai na ameongeza maneno. Shangazi yako bado anakuja kila Jumapili kutusimulia habari za mwanawe anayeuza magari. Ukimsikiliza utadhani kijana anayafua mwenyewe kwa nyundo. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unaniambia salio linaisha kabla sijalifikia jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni taa. Imefika! Kondakta ameishusha kwenye basi kama amebeba yai. Nikaikata kamba pale pale kituoni, mbele ya watu, kwa makusudi kabisa. Nyumbani mkasi hauna adabu, na kituoni kulikuwa na watu wengi zaidi. Mwanangu! Pande sita, bati la shaba linang'aa, vioo vyekundu, vya kijani na vya rangi ya asali, na yale matundu ya majani majani uliyoyatoboa. Mlango mdogo wenye bawaba zake, kifuniko kama kofia ya mtu mkubwa. Baba yako alipoiona akakohoa. Unamjua, akitaka kusifu anakohoa.

Nimeiweka sebuleni juu ya kabati la vyombo, kwenye kile kitambaa changu cha kufuma. Mtu akiingia anaiona taa kabla hajaniona mimi. Bi Pazia, jirani yetu yule ambaye pazia lake halitulii tukipita, amekuja kuomba chumvi mara tatu wiki hii. Nimemwambia bati umelikunja kwa mikono yako na vioo umevipuliza mwenyewe. (Sijui kama ulivipuliza. Ukiulizwa, ulivipuliza.)

Kwenye kikaratasi chako umeandika, "Mama, iwashe kila siku." Nimekisoma. Hilo usiwe na wasiwasi nalo.

Mamako,
mwenye taa


3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo wewe na Baba. Mpe Shangazi salamu, na usimwongezee maneno. Mimi mzima. Vidole vimejaa plasta lakini vyote vipo. Vioo hatupulizi, Mama. Vinakuja kwenye makasha, sisi tunavikata kwa kalamu ya kukatia vioo. Tafadhali mwambie Bi Pazia.

Nimefurahi taa imefika salama. Sasa nisikilize kidogo. Hapa karakana tuko wanafunzi wanne na meza iliyo wazi ni moja. Mwisho wa mwaka fundi mkuu atampa mmoja wetu meza hiyo, awe fundi kamili, awe na kazi yake. Waliobaki watashukuriwa na kurudi makwao. Mzee huyu huwezi kumdanganya. Kila kitu anakinusa kwanza: bati, moto, hata mtu akiingia asubuhi. Akishanusa ndipo anasema, na akisema huwa amemaliza.

Kuna jambo kuhusu taa hiyo nimekatazwa kukueleza. Ndiyo sheria ya hapa. Ninachoruhusiwa ni kuomba tu: iwashe. Tia ule mshumaa mnene, funga mlango, iache iwake mpaka mmalize kula. Halafu niambie: vivuli vya majani vinafika wapi ukutani? Kifuniko kikipata moto kinashikika? Na mlango, je, unafunguka vizuri taa ikiwa ya moto?

Mwanao,
Kijiti


22 Aprili

Mwanangu Kijiti, fundi wa mafundi,

Usinune kwa kuchelewa kwangu. Kwanza nilikuwa na mafua, halafu baba yako akayachukua, na unajua mafua ya baba yako ni ugonjwa wa nyumba nzima. Alilala kitandani akiniusia habari za viatu vyake. Sasa amepona na viatu hataki kumpa mtu.

Maswali yako nayajibu kama ifuatavyo. Vivuli vipo, na vya kutosha. Vinafika ukutani, na ukuta ukiisha vinaendelea. Kifuniko kinashikika, hata asubuhi hii nimekishika. Mlango ni mzuri sana, hongera.

Sasa nikuchekeshe. Shangazi yako alikuja Jumapili, akaketi akaitazama taa kama imemtukana.

Akasema, "Nzuri. Iwashe basi tuone."

Nikamwambia, "Wifi, kitu cha maana hakiwashwi mchana."

"Mchana gani? Saa moja hii ya jioni."

"Bado kuna mwanga."

"Mwanga uko wapi, wifi, mbona unanipapasia chai?"

Nikamwambia mishumaa imekwisha. Basi baba yako, mtu ambaye tangu tuoane hajawahi kujua kitu kilipo ndani ya nyumba hii, hata soksi alizovaa, akasema kutoka kwenye kiti chake, "Ipo droo ya pili, paketi nzima." Nilimtazama, mwanangu. Nilimtazama mpaka akakumbuka kuna kitu anakitafuta nje.

Usije ukadhani haiwashwi. Inawashwa sana, ila si kwa amri ya wifi. Na ninaipangusa kila asubuhi kabla sijanawa uso. Ile nailoni uliyoifungia sijaitoa yote, nimeiacha pale juu ya kifuniko izuie vumbi. Inapendeza, watu wanaona ni kitu kipya.

Mamako,
mwenye taa na mwenye fundi


9 Mei

Mama,

Shikamoo. Poleni na mafua, na pole zaidi kwa Baba kwa kutazamwa hivyo.

Mama, nailoni ipi? Mshumaa ukiwaka humo ndani, nailoni juu ya kifuniko ingeyeyuka siku ya kwanza.

Siulizi zaidi. Fundi mkuu ametaka taa zote nne zirudi karakana kabla ya mwisho wa Juni. Ipeleke kwenye basi, iandike jina langu. Naomba, na ninaomba kwa magoti yangu ambayo bado hayajanipita umri: usiioshe. Usiipanguse. Itume kama ilivyo.

Zimebaki wiki chache. Kama bado hujaanza, iwashe leo.

Kijiti


30 Mei

Mwanangu mpenzi,

Huku amani. Bi Pazia amepata mjukuu, mtoto mzuri, ingawa wewe ulipozaliwa manesi waliitana kutoka wodi nyingine waje kukuona. Nimemweleza hivyo ili afarijike.

Taa imeondoka jana. Uliposema nisiioshe nikajua unanionea huruma kwa sababu ya mgongo wangu. Mwanangu, kwako mgongo upo! Nimeisugua kwa majivu na ndimu tundu kwa tundu, kwa kijiti cha meno, siku nzima. Vioo nimevipitisha gazeti. Bawaba nimezipaka mafuta ya nywele. Ingekwenda chafu mbele ya mwalimu wako, akasema mama wa huyu binti ni mtu wa namna gani? Nimeitazama ikiwa mezani na machozi yakanitoka, mengine ya ndimu. Mwambie fundi mkuu avae miwani ya jua kabla hajafungua boksi.

Kabati limebaki kama mdomo uliong'olewa jino. Niandikie upesi wamesemaje.

Mamako


26 Juni

Mwanangu,

Nimeangalia posta, hakuna kitu. Najua una kazi nyingi za kupongezwa. Baba yako anasalimia.

Mamako


18 Julai

Mama,

Shikamoo. Nilikaa kimya kwa sababu kila nikianza kuandika naandika maneno ambayo mtoto hamwandikii mama yake. Sasa yamepungua.

Sheria yenyewe naweza kukueleza, maana imeshapita. Mwanafunzi akitengeneza taa yake ya kwanza, inakwenda kukaa kwenye nyumba ya watu, na watu hao hawaambiwi kitu. Baadaye inarudi. Fundi mkuu hatazami taa ilivyotoka mikononi mwetu, hiyo ameshaiona. Anatazama masizi yamepanda wapi, nta imemwagikia wapi, lehemu imestahimili moto au imelegea, watu wameishika wapi. Anasema taa ya pambo nayo ni taa. Nyumba isipoiwasha kuna sababu, na sababu hiyo anaihesabu juu ya fundi aliyeitengeneza.

Za wenzangu zilirudi nyeusi juu, zimejaa nta, moja imepasuka kioo na kuzibwa kwa karatasi. Mzee akazinusa, akazisifu, akaagiza zirudishwe kwenye nyumba zilikotoka. Akafungua boksi langu. Mama, ilimeta mpaka watu wakaguna. Akainusa. Akasema, "Ndimu." Akanusa tena. "Mafuta ya nywele." Kisha akaniuliza mbele ya wote, "Nyumba hii haikuipenda taa yako, au iliiogopa?" Nikakumbuka tu mama yangu alivyoniandikia kwamba vivuli ukuta ukiisha vinaendelea.

Hajanifukuza. Amesema hawezi kuhukumu taa ambayo haijaishi, kwa hiyo nitengeneze nyingine, na atatoa uamuzi kabla mwaka haujaisha. Nimeitengeneza. Haina majani wala rangi. Vioo vyeupe, matundu madogo kama punje, basi. Nimeitengeneza hivyo makusudi, ili usipate cha kumringia mtu. Nimeweka na mishumaa.

Iwashe, Mama. Nataka ile meza.

Mwanao


2 Agosti

Mwanangu Kijiti,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikampa baba yako. Alisoma, hakukohoa. Hapo nikajua hali ni mbaya.

Nilitaka kukujibu kwa ukali. Nilikuwa na sentensi nzuri kuhusu miezi tisa niliyokubeba. Nimeifuta.

Ukweli ni huu. Haikuwashwa hata siku moja. Haikuwa kwamba hatuipendi. Pale juu ya kabati, mtu akiniuliza "hii nini?" nilikuwa nasema, "Huyu mwanangu." Sikuwahi kusema "hii taa". Sasa nikutie moto? Nikupake masizi, halafu wifi aje akukute umechafuka? Shule niliyosoma mimi ni fupi, unaijua, na hakuna cheti changu hata kimoja cha kutundika. Nilikuwa na taa.

Basi hii nyingine ilipofika nikaitazama nikasema moyoni, mtoto ameniweza. Haina hata jani. Nikaiweka mezani, siyo kabatini. Jioni umeme ulikuwepo, nikauzima mwenyewe. Baba yako akasema, "Umekatika?" Nikamwambia nyamaza. Nikawasha, nikafunga mlango.

Mwanangu, kwa nini hukuniambia?

Sebule ilijaa punje za mwanga, ukutani, darini, kwenye pazia, kwenye kipara cha baba yako. Alikaa ana madoa kama chui mzee. Nikacheka mpaka nikaishika meza, na meza ilipotikisika nyumba nzima ikatikisika, ndipo baba yako naye akacheka. Tulikula polepole. Baada ya kula hakwenda kusikiliza redio. Akavuta kiti, akasema hivi, "Niambie tena ile habari yako ya kituo cha basi, ulivyokata kamba mbele ya watu." Ameshaisikia mara nyingi, na hakuwahi kuiomba.

Naiwasha kila siku. Sipangusi kitu. Masizi yamepanda mpaka kwenye kifuniko na nimeyaacha, ingawa mkono unaniwasha.

Mamako


20 Agosti

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimeicheka barua yako na kulia kidogo, mengine ya lehemu.

Kwa hiyo punje zinafika mpaka darini? Nilikuwa na wasiwasi na dari. Fundi mkuu anasafiri mwezi ujao kwenda kutafuta vioo, karakana itapumua, hatutanuswa kwa muda. Msalimie chui.

Kijiti


11 Oktoba

Mwanangu Kijiti,

Tuko wazima, lakini keti kwanza. Nimekuharibia.

Siyo taa, taa ni nzima. Nimekupotezea mteja, tena mteja mkubwa, mwenye koti. Nakueleza yote usije ukayasikia kwa Bi Pazia.

Alhamisi jioni tumeshawasha, mtu akabisha hodi. Mzee mwembamba, miwani kwenye kamba. Akasema anapita hapa kwa shughuli zake, ameambiwa kuna mama ana taa, naye anapenda taa nzuri, huenda akaagiza za nyumba yake. Wala sikushangaa, nimeshawaambia watu wengi. Nikamkaribisha, nikampa kiti cha baba yako. Baba yako akabaki kusimama, lakini biashara ni biashara.

Nikaanza kazi. Nikamwambia hii imetengenezwa na binti yangu, na hakuna mwenye mkono kama wake kutoka hapa mpaka bahari iishe. Nikamwambia hii ndiyo ya kawaida kabisa, ya kulia chakula tu, angeona zile za majani angezimia. Akainama akapeleka pua kwenye kifuniko, mwanangu, ananusa! Kwenye taa ya watu! Kisha akapitisha kidole kwenye masizi. Nikamchapa kofi mkononi. Lilinitoka tu. Nikamwambia, "Mzee, masizi hayo yana kazi, yaache." Baba yako alikohoa vibaya sana.

Mzee akafuta kidole kwenye leso, akasema, "Samahani. Naomba basi uufungue mlango nione ndani."

Hapo ndipo nilipoharibu. Maana ule mlango, Kijiti, sikutaka kukuambia, unakaza. Taa ikiwa baridi unafunguka kama wimbo. Ikipata moto unang'ang'ania kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Mimi nimeshauzoea. Nainua kidogo kwa kidole gumba, napiga hapa chini kwa kiganja, unatii. Basi mbele ya mteja nikainua, nikapiga, paa! ukafunguka.

Akaniuliza, "Kila siku unafanya hivyo?"

Ningeweza kumwambia hapana. Nilikuwa na uongo mzuri mdomoni, nimeshautafuna kabisa. Nikakumbuka yale ya vivuli na ukuta, nikaumeza.

Nikamwambia, "Kila siku ya Mungu. Mwanangu hakuupa mlango nafasi. Bati likipata moto linavimba, na yeye ameukata umebana kama kiatu cha mitumba. Sikuzote alikuwa hivyo, anapenda vitu vikae sawasawa. Hata kitanda chake alikuwa akitandika hulali, unateleza. Lakini mzee, mlango kitu gani? Kaa hapa ule na sisi, uone nyumba yetu inavyokuwa."

Akala. Anatafuna, anatazama dari. Baba yako akamsimulia habari ya kituo cha basi, akaikosea, nikamsahihisha. Mzee akaaga. Mlangoni akaniuliza, "Ukiambiwa uirudishe ukapewa nyingine ambayo mlango wake haukazi?"

Nikamwambia aende salama.

Hakuagiza hata moja. Nimelala nikifikiria koti lake. Unisamehe. Miaka yote nimekusifia kwa watu wasionunua kitu, na siku amekuja wa kununua ndipo nikamtangazia bawaba.

Mamako


29 Oktoba

Mama mpenzi,

Shikamoo, na mara ya pili shikamoo, kwa niaba ya watu wote wa karakana hii, maana sasa wote wanakufahamu.

Yule hakuwa mteja. Koti lile analivaa akienda kununua vioo. Mama, umemchapa kofi fundi mkuu.

Alirudi jana. Akatuita sote, akatunusa, akaketi. Akasema amepita kwenye nyumba zote nne, na kwa watatu wenzangu watu wa nyumba walimwambia taa haina kasoro hata kidogo, nzuri sana, asante. Akanigeukia mimi. Nikaona nimekwisha.

Akasema, "Mlango wako unabana."

Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

"Niliuona siku unaufunga. Nikanyamaza. Nilitaka kujua kama nyumba itaniambia." Akaonyesha mgongo wa mkono wake. "Imeniambia. Mama yako anaulalamikia mlango ule kama mtu anavyomlalamikia mume. Ana namna yake ya kuufungua. Anaujua ukiwa baridi na ukiwa wa moto. Hao wengine tangu zirudi wameacha kuziwasha; walizisifu taa zao wakati mimi natafuta kiberiti cha kuziwashia."

Kisha akaondoa makasha ya vioo juu ya ile meza, akaipangusa kwa leso yake, akaniambia nilete nyundo zangu.

Ni yangu, Mama. Iko karibu na dirisha. Mguu mmoja mfupi, nimeuwekea kipande cha bati. Naandika barua hii juu yake.

Kazi yangu ya kwanza kama fundi ni kuukata upya mlango wako. Nikamwambia basi nitakuandikia utume taa. Akatikisa kichwa, akaufunika ule mkono kwa mkono mwingine. Anasema yeye hathubutu kukuomba taa hiyo itoke nyumbani kwako, na mimi kama nina akili nisijaribu. Amenipa ruhusa niifuate huko huko. Jumamosi nitashuka kituoni na patasi zangu.

Usimwambie Shangazi. Najua umeshamwambia.

Mwanao,
fundi


Nimemwambia. Njoo na njaa. — Mamako